Uzito Uliopinda Nuru Kongwe

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi bali hizi za juzijuzi, watu watatu walikusudia kuchora ramani ya vitu visivyoonekana.

Iko nuru kongwe kuliko nyota zote. Ilitoka ulimwengu ulipokuwa mchanga, na mpaka leo inatufikia kutoka kila upande wa mbingu. Jicho haliioni, darubini ya mawimbi huinasa. Njiani hupita penye vitu vizito, na kila kizito huivuta ikapinda kidogo. Ukijua ilivyopinda, umejua uzito umejificha wapi.

Wa kwanza alikuwa Kokushubira, fundi wa darubini. Alipanda uwanda wa juu penye baridi kali na hewa kavu, maana unyevu huiziba nuru ile. Akakaa huko miaka. Siku moja akapigiwa simu: mama yake amefariki. Akiondoka, mitambo itazimika na vipimo vya msimu mzima vitapotea. Akabaki, analia na kazi inaendelea. Mama akazikwa bila yeye.

Wa pili alikuwa Lemburis, mwanahesabu aliyesimamia kazi ya ramani. Vipimo vya Kokushubira vilikuwa madoadoa matupu, na viliwashinda wengi. Yeye akabuni hesabu ya kutambua doa lililovutwa na lisilovutwa. Ramani ikatokea, na katikati yake rundo kubwa la uzito.

Wa tatu alikuwa Mwantumu, mkaguzi wa ramani. Akaitazama ramani, akatikisa kichwa.

"Kaka Lemburis, rundo hili si uzito. Ni vumbi la kundi letu la nyota. Linang'aa na kuidanganya hesabu yako."

"Dada, tunatangaza kesho kutwa. Wageni wameshaalikwa!"

"Na waje. Jina langu sitalitia humo."

Lemburis akamwachisha kazi. Mwantumu akarudi kwao Pangani.

Lakini Lemburis hakupata raha. Akapiga hesabu upya, akakuta kweli ni vumbi. Wageni walipoketi, akasimama: "Ramani niliyowaitia ni mbovu. Mwantumu aliniambia, nikamfukuza." Akaifuta mbele yao. Kisha akamfuata Pangani, akamwomba radhi, wakalichuja vumbi pamoja.

Rundo lile likayeyuka. Ila pembeni, palipokuwa pamefunikwa na vumbi, kikajitokeza kilima cha uzito ambacho hakuna aliyekidhania.

Mkuu wa kituo cha darubini, Bibi Nyanjige, akawaita wote watatu. "Kilima kitapewa jina moja tu, na aliyekivumbua ndiye atakayelichagua. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Kokushubira. "Bila vipimo, hesabu ingehesabu nini? Sikuweka hata konzi ya udongo kaburini kwa mama. Kiitwe jina lake."

"Pole sana, dada," akasema Lemburis. "Lakini bila hesabu, vipimo vyako vingebaki madoadoa. Tena niliifuta kazi yangu kwa mkono wangu, mbele za watu. Nani kati yenu aliyejitoa hivyo?"

Mwantumu akawageukia wote wawili. "Mlikuwa mnatangaza vumbi kama uzito," akasema. "Niliwazuia, nikafukuzwa. Ningenyamaza, kilima hiki kingekuwa wapi?"

Bibi Nyanjige akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mpaka leo kilima hakina jina.

Haya, nyie mlionisikiliza, amueni: kati ya watatu hao, nani alistahili kukipa jina?