Nani Alimpima Mpimaji?

Kila asubuhi ukumbi wa mapokezi wa hospitali ile ulijaa watu kama sisimizi kwenye sukari. Kina mama walibanana kwenye mabenchi, watoto mapajani, kila mmoja akiomba moyoni jina la mwanawe litangulie kuitwa. Wauguzi wawili tu ndio walioamua nani aingie kwa daktari kwanza na nani asubiri. Kazi hiyo si lelemama. Ukikosea, mtu anaweza kukata roho akiwa kwenye foleni.

Daktari mkuu wa wodi ya watoto alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kudadisi. Wenzake walimbandika jina la Daktari Kwa Nini, maana mdomo wake haukuisha maswali. Dawa ikiletwa kwenye chupa mpya, atauliza kwa nini. Gari la wagonjwa likipita njia ndefu, kwa nini. Husemekana hata siku alipoposwa alimwuliza mchumba wake kwa nini amemchagua yeye, na jibu lilipomridhisha ndipo akakubali.

Siku moja aliitwa kwenye kikao cha mkurugenzi wa hospitali. Mgeni wa kikao hakuwa mgeni kwake. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, kijana nadhifu mwenye ulimi wa asali aliyefanya kazi katika kampuni ya kuuza programu za kompyuta.

"Hii ni programu ya akili mnemba," shemeji alieleza, akiwaonyesha picha ukutani. "Inapokea joto la mgonjwa na mapigo ya moyo, inauliza anavyojisikia, kisha kufumba na kufumbua inapanga foleni. Haichoki, haina ndugu wala rafiki. Na cheti cha ukaguzi hiki hapa."

Cheti kilipita mkono hadi mkono. Kilikuwa na mhuri mwekundu uliong'aa. Mkurugenzi alitabasamu kama mtu aliyeokota lulu.

"Aliyeipima ni nani?" daktari aliuliza.

"Kampuni ya ukaguzi, shemeji. Jina lao hilo hapo chini."

"Na wao je, walipimwa na nani?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Daktari," mkurugenzi alisema akifuta machozi, "ukianza hivyo tutafika mpaka kwa Adamu! Jumatatu tunaanza na wodi yako."

Daktari naye alicheka, kwani swali lilichekesha kweli. Hata hivyo halikumtoka. Lilimkaa kichwani kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Hakuwa na shaka na shemeji yake. Alitaka kujua tu.

Aliporudi ofisini alikumbuka kusikia kwamba serikali ilikuwa imetunga sheria: programu yoyote inayoweza kuhatarisha uhai wa mtu ni lazima ipimwe na wakaguzi walioidhinishwa, na majina yao yawekwe katika rejista ya umma ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni. Hakuwahi kuifungua. Sasa aliifungua, akatafuta lile jina la kwenye cheti.

Lilikuwapo. Tena idhini yao ilikuwa hai. Alishusha pumzi, karibu afunge kompyuta. Lakini jicho lake lilivutwa na maneno yaliyokuwa kando ya jina: "Programu za kupanga wagonjwa: watu wazima." Akatazama jina lililofuata. "Watu wazima na watoto." La tatu, vivyo hivyo.

"Mbona wengine wameandikiwa watoto na hawa hawakuandikiwa?" alijisemea. Namba ya simu ilikuwa hapo hapo. Akapiga.

Aliyepokea alikuwa mkaguzi mwenyewe, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Ndiyo, alisema, waliipima programu ile, na ilifaulu vizuri.

"Kwa watoto pia?"

"Kwani imepelekwa kwa watoto? Hatuna idhini ya kupima mambo ya watoto, daktari. Tuliipima kwa wagonjwa ambao ni watu wazima, na ripoti yetu inasema hivyo. Sijui nani anaisoma. Wewe ndiye wa kwanza kutupigia."

Jumamosi mchana daktari alikwenda nyumbani kwa mdogo wake. Shemeji aliposikia habari ile uso ulimwiva.

"Shemeji, unanimwagia unga wangu! Kwani mtoto si mtu?"

"Ni mtu. Ila nataka kujua kama programu yako inajua ni mtu wa namna gani."

"Dada," mdogo wake aliingilia, akimbembeleza binti yake mchanga begani, "hata mtu wa nyumbani humwamini?"

"Ninamwamini, mdogo wangu. Ndiyo maana nimekuja kwake kabla ya kwenda kwa mkurugenzi. Tuijaribu pamoja. Ikifaulu, mimi mwenyewe nitampigia debe."

Shemeji alikubali shingo upande.

Jumatatu ilipofika, programu haikuwekwa mapokezi. Mkurugenzi, baada ya kuelezwa habari ile, aliketi nao, japo alinung'unika, katika chumba kidogo cha kompyuta. Daktari alileta mafaili ya watoto waliotibiwa zamani ambao hali yao ilijulikana tayari, yakiwa yamefutwa majina. Mtoto aliyevunjika mkono, programu ilimpanga vizuri. Mwenye pumu iliyombana, ikamtanguliza. Shemeji alivimba kifua. Daktari mwenyewe alishangaa, akasogeza kiti karibu zaidi.

Kisha akaingiza habari za mtoto wa miezi michache: joto kali, hanyonyi, halii, amelegea. Mtoto huyo daktari alimkumbuka vyema. Siku alipoletwa walimkimbiza mbio ndani, na aliponea chupuchupu.

Programu ikampanga wa mwisho.

"Haiwezekani," shemeji alisema. Akaingiza upya habari zile kwa mkono wake. Wa mwisho tena.

"Kwa nini?" daktari aliuliza, akiinamia kioo. Walipekua sababu moja baada ya nyingine mpaka wakaifikia. Programu iliona mgonjwa halalamiki, ikahesabu kwamba ametulia. Mtu mzima asiyelalamika mara nyingi hayuko hatarini. Mtoto ni kinyume. Anayepiga mayowe bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kukimbiliwa. Wakajaribu watoto wengine watatu waliokuwa kimya, na wote watatu wakatupwa mkiani.

Shemeji alikaa chini taratibu.

"Binti yangu akiugua huwa halii," alisema kwa sauti ndogo. "Hulala tu, anakutazama."

Mkurugenzi alisahau kunung'unika. Papo hapo alikata kauli kwamba programu isitumike mpaka ipimwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kwa watoto. Daktari alitarajia shemeji yake akusanye vitu vyake aondoke kwa hasira. Badala yake, shemeji alitoa simu mfukoni.

"Kuna hospitali mbili tulizoziuzia kabla yenu," alisema. Akabonyeza namba ya ile ya kwanza, akasubiri, na ilipopokewa akajikaza. "Habari za kazi. Samahani, nina swali moja ambalo nilipaswa kuuliza zamani. Ile programu yetu, mnaitumia kwa watoto?"

Alisikiliza. Kisha alisimama. "Izimeni sasa hivi. Warudisheni wauguzi mezani. Ninakuja."

Alitoka mbio huku akiipigia hospitali ya pili, hata koti akaliacha kitini. Siku ile, katika hospitali hiyo ya pili, mtoto mmoja mkimya aliyekuwa mwisho wa foleni alichukuliwa na kupelekwa mbele, naye akapona. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena mtu kikaoni kwa kutaka kujua nani alimpima mpimaji, kwa maana wote walikuwa wameona kwa macho yao kwamba kuuliza si ujinga.