Mwanya wa Mwongeli

Anayelitazama gogo zima husalimu amri kabla ya kuinua shoka. Anayelibandua kipande baada ya kipande hulimaliza, hata watu wakimcheka. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Mwongeli wa kijiji cha Kola hakuisoma methali hiyo kitabuni. Aliiishi.

Mwongeli alikuwa mjane mwenye sauti nyororo kama hariri na mwanya mpana katikati ya meno ya juu. Watu waliusifu mwanya huo, lakini maikrofoni haikuusifu. Kwaya ya kanisa lao iliporekodi wimbo alioutunga baada ya kumzika mumewe, kila alipotamka "s" pumzi ilipenya mwanyani ikatoka kama mluzi. Nao ubeti wa kwanza ulisema: "Usisahau safari, sisi sote wasafiri."

Siku ya kuusikiliza, katika studio ndogo mjini Machakos, wanakwaya waliziba masikio. Zaki, fundi wa studio, alijaribu kuuzima mluzi kwa kichujio kimoja juu ya wimbo wote. Mambo yakaharibika zaidi.

"Uthithahau thafari," spika ziliimba, "thithi thote wathafiri."

Vicheko vilipasuka kama mbaazi zilizokauka juani. Uso wa Mwongeli uliwaka moto.

"Basi," akasema Urbanus, mwalimu wa kwaya. "Mwenzako Kasyoki ataimba sehemu yako. Wimbo unachezwa kanisani Jumapili ijayo, na sitaki aibu."

"Kwa wimbo huu nilimlilia mume wangu, Mwalimu," Mwongeli alijibu. "Mwanya sitauziba, na nafasi yangu siitoi."

"Haya. Wimbo usiporekebishwa kufikia Jumamosi, Kasyoki anaimba."

Wenzake walipoondoka, Mwongeli alivuta kiti karibu na Zaki. "Mwanangu, hakuna njia nyingine?"

Zaki alikuna kichwa. "Iko, Mama, lakini ni kazi ya punda."

Alifungua programu ya kurekebisha noti. Wimbo ukajitandaza kwenye skrini, kila silabi imelala peke yake, baadhi zikiwa na michirizi mwanzoni.

"Hiyo michirizi ndiyo 's' zako," Zaki alieleza. "Naweza kupunguza moja bila kuigusa sauti yenyewe. Lakini kila moja ina ukali wake. Nikipunguza kidogo, bado inachoma. Nikizidisha, inakuwa 'th'. Na zimejaa wimbo mzima!"

"Tuanze na ya kwanza."

Zaki akapunguza. Mwongeli akasikiliza, macho ameyafumba. "Bado inachoma... Hapo umezidisha, rudisha... Hapo! Huyo ndiye mimi."

Kila alasiri Mwongeli alifunga kibanda chake cha mboga akaja mjini. Kuna siku walimaliza mstari mmoja tu. Urbanus alipita, akaangua kicheko.

"Huo ni mchanga wa mto. Mtauchota kwa kijiko mpaka lini?"

"Mpaka uishe," Mwongeli akasema, bila kugeuka.

Jumamosi, kiitikio cha mwisho kikiwa kimebaki, Zaki alijinyoosha kwa uchovu. "Mama, hizi chache tuziache. Hakuna atakayesikia."

"Nitasikia mimi."

Zaki alicheka, akakishika tena kipanya. Wakamaliza.

Wimbo ulipochezwa Jumapili, waumini walitega masikio. Zile "s" zilikuwapo zote, zikipita taratibu kama upepo kwenye majani ya mahindi. Akina mama wa viti vya mbele walijifuta machozi. Kasyoki mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Baada ya ibada Urbanus alimfuata Mwongeli, ameinamisha kichwa kidogo. "Dada Mwongeli, umenishinda. Lakini mwezi ujao tunarekodi wimbo mwingine. Utapata wapi nguvu za kuirudia kazi ile?"

"Palepale nilipozipata kwanza," Mwongeli akamjibu, akimtazama machoni. "Na ubeti wa kwanza naimba mimi."

Hakika, bandu bandu huisha gogo.