Sababu ya Picha Kwenye Karatasi ya Kura

Mnanisumbua. Hadithi hii nimeisimulia mara tatu, na mara zote mmesinzia kabla sijafika kwa mkosaji. Lakini mmeng'ang'ania kujua kwa nini kwenye karatasi ya kura kila jina lina picha pembeni, basi kaeni. Anayetaka kupiga miayo akapigie nje.

Enzi za Wayunani wa kale, katika mji wa Lirna, kura ilikuwa kigae cha chombo kilichovunjika. Kila mwaka, siku moja, wanaume wa mji walikusanyika uwanja wa soko, kila mmoja na kigae chake, juu yake limekwaruzwa jina la mtu anayemwona hatari kwa mji. Mwenye jina lililozidi mengine alifungasha akahama miaka kumi. Hakushtakiwa, hakujitetea, hakuambiwa kosa. Wenyewe waliona huo ni utaratibu wa busara sana. Wanawake hawakukanyaga mkutanoni. Walibaki nyumbani kuwapikia wenye busara.

Mirine alikuwa mfinyanzi, mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Fokio. Sasa Fokio alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku moja Karido, msemaji mkubwa wa mji, alikuwa anawashawishi watu wapeleke vijana vitani kugombea kisiwa cha mawe matupu. Fokio akasimama, akauliza kama wale wana watatu wa Karido nao watapanda merikebu. Uwanja mzima ulicheka, na ile vita ikafa palepale. Karido naye alicheka, tena akapiga makofi. Mtu anayecheka namna hiyo mwogopeni.

Haukupita muda, mtumishi wa Karido alifika kwa Mirine akataka vikombe mia tatu, vile vya kawaida visivyo na nakshi, akasema ni vya karamu. Mirine aliwasha tanuri siku nne, akafurahi kama mtu yeyote aliyepata kazi. Karamu yenyewe hakuisikia hata harufu.

Siku ya vigae ikafika. Wakulima wengi hawakujua herufi, na desturi yao ilikuwa kumwomba jirani anayejua awakwaruzie jina. Safari hii walikuta watu wa Karido langoni na vikapu, vigae tayari vimeandikwa. Waliambiwa jina lile ni la Tromi, mlanguzi wa ngano, ambaye hata mbwa wa mji walimchukia. Wakapokea, wakashukuru, wakaenda kuvitupa mahali pa kura. Jua halijafika utosini, mpiga mbiu akatangaza kwamba wa kuondoka ni Fokio.

Mirine alimfungia mwanawe mikate na zeituni, akamsindikiza hadi jiwe la mpaka. Hakulia mbele yake. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye shimo walikomwaga vigae, akataka kuona kilichomfukuza mtoto. Kusoma hakujua. Lakini udongo wake aliujua, na alama ya dole gumba lake chini ya kila kitako cha vile vikombe vya karamu aliijua, na kwenye mamia ya vigae vile mikwaruzo ilikuwa ya mkono mmoja.

Akajaza gunia, akaenda kulimwaga kwenye ngazi za Baraza, maana ndani hakuruhusiwa. Wazee walipotoka ilibidi wasimame. Stafilo, mkulima wa zeituni, alikuwa anapita. Mirine akamtia kigae mkononi, akamuuliza kinasema nini.

"Kinasema Tromi, mama. Nilipewa kama hiki langoni."

Karani wa Baraza akakichukua, akakisoma kwa sauti ndogo. Fokio. Akaokota cha pili, cha tatu, cha kumi. Fokio.

Stafilo alikaa chini kwenye ngazi. "Mama, nimemfukuza mwanao kwa mkono huu. Na mimi nampenda."

"Kupenda kwako kumemfikisha mpakani," Mirine akamwambia. "Karido amewahurumia lini nyinyi, hata mkapokea kitu chake bila kuuliza?"

Wazee waliona haya, lakini haya si sheria. Walisema vigae vikishahesabiwa havibatilishwi. Fokio alikufa kwa homa ugenini, mwaka wa saba, na Mirine akaletewa kanzu ya mwanawe.

Na tangu siku ile ya gunia ikaamriwa kwamba jina lolote la kupigiwa kura lichorwe alama pembeni, jogoo au taa au jembe, ili asiyejua herufi asidanganywe na anayezijua. Leo wanaweka hata sura ya mtu, na bado mnadanganywa, ila hayo yenu.

Karido hawakumfukuza. Walimvua uraia, wakamwacha akae pale pale, asiseme mkutanoni, asiingie hekaluni, asishtaki wala asitoe ushahidi maisha yake yote. Aliishi miaka thelathini na mmoja hivyo. Uzeeni wana wale watatu walipokuja kumnyang'anya nyumba mchana kweupe, alikwenda hadi mlangoni kwa hakimu, akasimama, akarudi. Majina yao aliyajua vizuri. Ruhusa ya kuyataja hakuwa nayo.