Mkebe wa Mwalimu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyefundisha mbwa kunusa saratani. Usicheke, mzee wangu pale nyuma. Pua ya mbwa inajua mengi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mikebe inapangwa mstari, kila mmoja una mkojo wa mtu. Mbwa anapita akinusa. Penye mkojo wa mgonjwa anakaa kitako, anapewa kipande cha nyama. Penye mkojo wa mzima anapita zake.

Na mkojo wa wazima ulitoka wapi? Kwa wafanyakazi wenyewe. Nani angewashuku?

Siku moja Tosha, mbwa aliyependwa kuliko wote, akaipita mikebe ya mwanzo, akakaa kitako mbele ya mkebe wa mwalimu wake.

"Tosha, inuka! Huo ni wangu!"

Wapi! Mama akaihamisha mikebe, ule wake akauweka mwisho kabisa. Mbwa akaufuata hukohuko, akakaa, akamtazama usoni.

Mama akawaka. "Mbwa huyu kaharibika! Mfungie bandani, hafai tena."

Mwenzake akamwambia taratibu, "Dada, juzi alipokaa mbele ya mkebe wa yule mzee, ulisema Tosha hasemi uongo. Uongo ameuanza leo, kwenye mkebe wako?"

Maneno yale yakamchoma. Kumbe hasira yote ile ilikuwa woga tu. Akaenda hospitali, akapimwa. Kweli, kivimbe kidogo kwenye kibofu, ndiyo kwanza kinaanza. Kikatolewa, akapona kabisa. Mungu ni mwema! Aliporudi alikwenda moja kwa moja bandani, akamkumbatia mbwa wake akilia kwa furaha. "Chukua nyama yako, baba. Nilitaka kukufukuza, kumbe unaniokoa."

Ndugu zangu, sisi je? Neno likikaa mbele ya mkebe wa jirani, tunaitikia "Amina!" mpaka mabati yanatikisika. Likikaa mbele ya mkebe wetu, basi mhubiri kaharibika, afungiwe bandani! Tunanuna nini? Anayetuonyesha ugonjwa ungali mdogo anataka tupone. Hiyo ni habari njema, tushushe pumzi.

Na wewe, tangu nianze kusema umekuwa ukimfikiria nani? Shemeji yako? Mwache shemeji. Mfano huu umekaa kitako mbele yako.