Kijana wa Chuma Asiye na Kitovu

Paukwa!

Pakawa!

Nyundo!

Ya mhunzi!

Moto!

Wa kuota!

Mtoto!

Ana kwao!

Haya, songeni karibu. Na wewe unayecheka, cheka sasa hivi, maana baadaye hutapata nafasi.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, kule milimani palikuwa na mhunzi akiitwa Senzighe. Akifua jembe, jembe linalima. Akifua shoka, shoka linakata. Akifua mkuki, simba anahama. Alikuwa na mke, Nakaniwa, na binti mmoja tu, Navoneiwa. Binti huyo alikuwa mboni ya jicho la baba yake. Akimwona anakuja na kibuyu cha maji, nyundo ilisimama hewani.

Sasa mjue desturi ya kule. Mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, baba hukizika shinani mwa mgomba nyuma ya nyumba. Mgomba ule ni wa mtoto, na pale ndipo kwao. Mgeni akibisha hodi haulizwi jina. Huulizwa, "Kitovu chako kimezikwa wapi?" Akijibu hupewa kigoda. Asipojibu hufunguliwa mbwa.

Basi Senzighe sifa zikamlevya. Siku moja akasema, "Wanawake huzaa, na hakuna anayeshangaa. Mimi nitafua mtu."

Nakaniwa akamwambia, "Mume wangu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea."

Weee! Sikio la kufa halisikii dawa. Mhunzi akaingia kiwandani kwake. Akafua mifupa ya chuma. Akaikandika udongo mwekundu. Akaivika ngozi ya fahali. Kisha akatia mdomo wa mvukuto, ule wa kupulizia moto, kinywani mwa kile kitu, akavukuta.

Akavukuta mara ya kwanza, kifua kikapanda. Akavukuta mara ya pili, vidole vikajikunja. Akavukuta mara ya tatu, macho yakafunguka, yakamtazama.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Wakati wote alipokuwa akikifua alikiona kizuri, kwa sababu kilikuwa hakimtazami. Sasa kilikuwa kinamtazama. Kikanyoosha mkono, kikasema, "Baba."

Senzighe akakimbia! Akatupa nyundo, akakimbia hadi nyumbani, akajifungia ndani. Mtu mzima na ndevu zake anamkimbia mtoto aliyezaliwa leo! Maana mimi namwita mtoto, jamani. Alikuwa na kimo cha mwanamume, lakini alikuwa mtoto, na moto wa kiwandani ulikuwa unazimika, na hakuwa na mtu.

Kijana akatoka kutafuta watu. Nyumba ya kwanza akabisha hodi. "Kitovu chako kimezikwa wapi?" Akajipapasa tumbo. Lilikuwa laini kama tumbo la chungu, halina kovu wala kishimo. Wakamfungulia mbwa. Nyumba ya pili akabisha hodi. "Kitovu chako kimezikwa wapi?" Akajipapasa tena. Wakamfukuza kwa vijinga vya moto. Nyumba ya tatu hata hawakumwuliza. Walimwona tu, wakaokota mawe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulimfunza hivyo.

Akajificha kichakani. Akamwona kuku anapita na vifaranga wake.

"Kuku, hawa umewafua wewe?"

"Nimewaatamia."

"Na walipofungua macho, uliwakimbia?"

Kuku akacheka. "Kuku gani akimbie vifaranga wake? Hata mwewe akishuka, mimi nakimbilia waliko wao."

Kijana akalia. Machozi yake yalikuwa na kutu. Kila nikifika hapa namwonea huruma, lakini huruma yangu inamfaa nini? Aliyetakiwa kumwonea huruma alikuwa amejifungia ndani. Kijana alipomaliza kulia, kilichobaki kifuani mwake kilikuwa hasira.

Jua lilipofika utosini, saa ile kivuli cha mtu kinajificha chini ya nyayo zake, akaja kwa Senzighe. Ngo! Ngo! Ngo! Hizo ni hatua zake. Akasimama uani akaimba:

*Baba mhunzi, baba mhunzi,*
*umenifua, hukunizikia kitovu.*
*Nizikie hata mavi ya chuma,*
*niitwe mwanao, nipate kwetu.*

Nakaniwa akasema, "Mzikie hata hayo makapi ya chuma, baba Navoneiwa! Ni shimo la kiganja tu."

"Watu wakiniona nazika kitovu cha jitu kama hili, watasemaje?" Senzighe akafungua dirisha kidogo, akapiga kelele, "Ondoka! Mimi si baba yako!"

Kesho yake, jua utosini, ngo! ngo! ngo! Kijana akarudi. "Baba mhunzi, kama hunizikii kitovu, nifulie mwenzangu. Tutakwenda juu kwenye baridi, hamtatuona tena."

Senzighe akakubali, kwa woga tu. Akafua mifupa ya msichana. Akaikandika udongo. Lakini alipofika kwenye macho, akaiweka nyundo chini. Akawaza, "Je, wakizaana?" Akainua nyundo, akavunja kichwa, akavunja kifua, akavunja miguu.

Alipogeuka, kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote.

Safari hii hakuimba. Alisema taratibu, na msishangae nikinong'ona, ndivyo alivyosema: "Baba, umeninyima kwetu. Umeninyima mwenzangu. Sasa namtaka Navoneiwa."

Senzighe akakimbia nyumbani, akamfungia binti yake ndani, akakaa mlangoni na nyundo mapajani. Hakula, hakunywa, hakupepesa macho. Alilinda mlango wa mbele. Alimlinda binti. Mgomba ulio nyuma ya nyumba hakuulinda.

Kesho yake jua likafika utosini. Wakasikia kitu kinachimba. Kwa! Kwa! Kwa! Vidole vya chuma ardhini. Wakasikia mizizi inakatika. Kisha mgomba wa Navoneiwa ukaanguka, puu!

Ndani, Navoneiwa alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Akainua uso, akamtazama mama yake, akasema kwa adabu kabisa, "Bibi, samahani, hii ni nyumba ya nani?"

Nakaniwa akapiga ukemi. Senzighe akaingia mbio, mikono ameinyoosha. "Mwanangu!"

Binti akamtazama. Akapiga yowe, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kama mtu aliyekutana na zimwi. Akampita baba yake pembeni, akatoka nje mbio.

Nje kijana alikuwa amesimama, kitovu cha Navoneiwa mkononi. Akaita, "Dada!"

"Abee, kaka!"

"Twende kwetu."

Wakashikana mikono, wakapanda mlima, wakaingia kwenye ukungu. Navoneiwa hakugeuka hata mara moja.

Senzighe akawafuata. Nakaniwa alibaki uani akijaribu kuusimamisha ule mgomba, akishindilia udongo kwa mikono yake, lakini mgomba ulikuwa umeng'olewa na kitovu cha binti kilikuwa kimekwenda. Mhunzi akapanda hadi palipo na baridi isiyo na jina, hadi maji yanapokuwa magumu kama jiwe. Anaona nyayo: hizi nzito, zile nyepesi. Anasimama, anaita kwa sauti iliyokauka, "Mwanangu! Mwanangu! Mwanangu!"

Navoneiwa haitiki. Hajui kama anaitwa yeye.

Anayeitika ni yule mwingine. Kutoka ndani ya ukungu, karibu sana, anaitika kwa furaha ya mtoto aliyengoja sana kuitwa: "Naam, baba! Niko hapa! Nakuja!"

Na Senzighe anakimbia. Mpaka leo anaita, na akiitikiwa anakimbia.

Ndiyo hivyo, wanangu. Ukileta kiumbe duniani, hata kama ni mbaya wa sura, mpe pa kukaa na umwite mwanao. Ukimkataa yeye, atakuja kukutoza kwa yule unayempenda.

Ngano nimeizaa mimi, kuilea ni kwenu. Anayetaka kwenda chooni aende sasa hivi, na aende na mwenzake. Mimi miguu inaniuma, simsindikizi mtu.