Mto Mmoja, Mikanda Miwili

"Mto mmoja, mikanda miwili." Jana mlimsikia mjomba wenu Kitundu akisema hivyo baada ya taarifa ya habari, kisha akazima redio na kwenda kuwakatia mbuzi majani. Mkaniuliza ana maana gani, nami nikawaambia mningoje nimalize kuchambua mchele. Sasa mchele umekwisha. Kaeni karibu. Methali hii hatukuachiwa na wahenga wa kale. Ilizaliwa hapa hapa kwetu, nami nikiwepo, na chanzo chake ni hiki.

Mnaufahamu Mto Mdeke. Kiangazi ni mchanga mtupu, mnacheza mpira ndani yake. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji hushuka bila kupiga hodi. Upande wetu wa mto ndipo ilipo kambi ya jeshi, na hospitali ya misheni iko ng'ambo. Siku hizo hapakuwa na daraja, na hata leo halipo; palikuwa na kivuko tu, mahali ambapo magari yalipita juu ya mawe.

Mkuu wa kambi alikuwa Kanali Desideri. Alikuwa mtu wa utaratibu, na sitaki kumsingizia. Baba mkwe wangu alipofariki, alituletea turubai la kambi ili waombolezaji wasinyeshewe, na akaja mwenyewe kutoa pole. Mwaka mmoja gari la kambi lilizolewa na maji. Kanali akaenda kivukoni na debe la chokaa, akakunja suruali, akalipaka jiwe kubwa lililo katikati kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akawakusanya askari wake akatoa amri: jiwe likimezwa na maji, gari halivuki, dereva awe nani, abiria awe nani. Kijijini tulimsifu. Tulisema, huyu anawapenda watu wake.

Kambini kulikuwa na desturi moja ambayo lazima niwaeleze. Askari akishtakiwa, kabla hajaingia ofisini kwa mkuu, alivuliwa kofia na mkanda mlangoni. Aliyevivua na kuvishika alikuwa Sajinimeja Ngwala, mzee mwenye mvi. Akionekana hana kosa, alirudishiwa pale pale mlangoni. Suruali za jeshi zilikuwa pana, kwa hiyo mshtakiwa aliingia huku ameishika kiunoni kwa mkono mmoja. Watoto wa kijiji walizoea kuwacheka. Mimi sikuweza kucheka. Mtu mzima anayeshikilia suruali yake mbele ya wenzake huwa ameshaadhibiwa kabla hajaulizwa lolote.

Msimu mmoja wa masika nilishikwa na uchungu wa uzazi. Nilikaa nao tangu alfajiri, hadi mkunga wetu, Bi Nyemo, akanawa mikono na kutoka nje kuzungumza na babu yenu. Nilimsikia akisema, "Mtoto ametanguliza mkono. Mimi nimefika mwisho. Mpeleke ng'ambo, la sivyo utazika wawili."

Babu yenu akakimbilia barabarani. Gari la kambi lilikuwa linarudi kutoka kuchukua kuni, na dereva wake alikuwa Koplo Kitundu. Hatukuwa ndugu zake. Alitoka mbali, na tulimfahamu kwa salamu tu, na kwa binti yake mdogo, Sechelela, aliyependa kuja kucheza na vifaranga vyangu.

"Afande, mke wangu anakufa," babu yenu akamwambia.

Koplo alizitupa kuni zote kando ya barabara, akavua shati lake akalikunja kuwa mto wa kulazia kichwa changu. Tulipofika kivukoni alisimamisha gari, akatazama. Nami niliinua kichwa nikatazama. Chokaa haikuonekana.

"Jiwe limemezwa," alisema polepole. Kisha akafungua mkanda wake wa ngozi, akanipa. "Mama, ung'ate huu. Ung'ate kwa nguvu zako zote, na usitazame maji."

Nikang'ata. Maji yaliingia ndani ya gari, nikayasikia miguuni, na yeye wakati wote alikuwa ananisimulia habari za Sechelela, jinsi alivyomwita jogoo "afande" kwa sababu ya kutembea kifua mbele. Katikati ya maumivu yale nilicheka, wajukuu zangu. Tukavuka. Sista wa misheni akanipasua, akamtoa mtoto mzima. Maji yalipopungua jioni, Koplo alilirudisha gari kambini, halina hata mkwaruzo.

Kesi yake ilipofika, nilikuwa bado natembea kwa kuinama. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kambini ili niseme ukweli. Walinizuia barazani, lakini mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Nilimwona Sajinimeja Ngwala akimvua Koplo mkanda, na nilimwona Koplo akiingia ameshika suruali.

"Jiwe uliliona?" Kanali akauliza.

"Sikuliona, afande. Lilikuwa limemezwa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, afande."

"Amri inasemaje?"

"Jiwe likimezwa gari halivuki, dereva awe nani, abiria awe nani."

Nadhani Kanali aliomba aletewe mkanda, maana Sajinimeja aliingia nao. Kanali akaugeuza mkononi. "Na haya meno ni ya nani?"

"Ya mama mzazi, afande. Yuko barazani, na mtoto wake."

Kanali akatoka nje. Akamfunua mtoto uso, akamshika kidole. "Mtoto mzuri," aliniambia, na macho yake yalikuwa ya upole kabisa. "Mungu akukuzie."

"Ni huyo koplo aliyemleta duniani, mheshimiwa," nikamwambia. "Mrudishie mkanda wake."

"Mama, nikimsamehe huyu leo, kesho atavuka mwingine na kisingizio chake. Sheria ikipinda mara moja hainyooki tena."

Akarudi ndani. Koplo Kitundu alifungwa mahabusu ya kambi, kisha akafukuzwa jeshini, na familia yake ikaamriwa ihame nyumba za askari. Mkanda ulibaki, kwa kuwa ulikuwa mali ya jeshi. Mkewe alitoa vyombo nje peke yake, maana majirani waliogopa kuonekana wakimsaidia. Ila mke wa Sajinimeja Ngwala alimpelekea viazi vitamu vya moto, amevifunga katika kanga, akamwambia kanga asiirudishe. Hilo sitalisahau.

Tuliumia sana, lakini nitawaambia jambo ambalo babu yenu alilisema usiku ule. Alisema, "Ni uchungu, lakini angalau ni sheria. Kesho ikimfika mkubwa, itamuuma vile vile." Tukajipoza kwa maneno hayo mwaka mzima.

Masika yaliyofuata, Kanali Desideri alialikwa ng'ambo. Rafiki yake alikuwa anafungua nyumba mpya, na ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Babu yenu na wachungaji wenzake walikuwa kivukoni na mifugo, wakingoja maji yapungue. Gari la Kanali likaja, likiendeshwa na askari kijana aitwaye Haruni. Akasimama.

"Afande, jiwe halionekani."

"Najua halionekani," Kanali akamjibu. "Mimi ndiye niliyelipaka chokaa. Vuka."

Babu yenu aliyasikia maneno hayo kama mnavyonisikia mimi. Haruni akavuka, au tuseme akajaribu. Katikati gari liliinuka kama kikapu, likalala ubavu. Wachungaji walirusha kamba za ng'ombe. Kanali akashika kamba, wakamvuta. Haruni hawakumwona. Kanali alikaa ukingoni akitetemeka, na babu yenu akavua shuka lake akamfunika. Hakumfunika kwa sababu ni kanali. Alimfunika kwa sababu alikuwa analia na ana baridi.

Haruni tulimwokota kesho yake, chini sana, kwenye matete. Mama yake, Bi Tausi, alisafiri kutoka kwao akafikia nyumbani kwangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kuomba radhi kwa kila kitu, hata kwa maji ya kuoga. Nilimwambia, "Dada, usihuzunike mara mbili. Hapa kambini kuna sheria. Hata mkuu atavuliwa mkanda." Nilimwambia hivyo nikiamini.

Wakaja maofisa wakubwa kutoka makao makuu kuuliza yaliyotokea. Babu yenu aliitwa shahidi, nami nikamsindikiza Bi Tausi. Tukakaa kwenye baraza lile lile. Sajinimeja Ngwala alikuwa mlangoni. Kanali Desideri akaja, viatu vinang'aa, kofia kichwani, mkanda kiunoni. Alipokaribia mlango, mzee Ngwala akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama alivyowanyooshea askari kwa miaka yote ya utumishi wake.

Kanali akaitazama ile mikono. "Vipi, Sajinimeja, unaomba mvua?"

Wale maofisa waliokuwa ndani wakacheka. Kanali akapita. Mlango ukafungwa, ingawa joto lilikuwa kali kuliko la siku ile nyingine. Mzee Ngwala akabaki na mikono hewani kwa muda, halafu akaishusha taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kizito.

Babu yenu alipoitwa aliyarudia maneno aliyoyasikia. Wakamshukuru kwa adabu, wakamwambia, "Mzee, maji yalikuwa yanavuma, ulisikia vibaya." Chai ikapelekwa ndani. Kisha tukasomewa uamuzi: ilikuwa ajali, dereva aliingia mtoni bila kupima kina cha maji, na hivyo alikiuka amri ya kambi. Kwa kuwa alikiuka amri, hatazikwa kwa heshima za kijeshi.

Bi Tausi hakulia. Alimwendea Sajinimeja Ngwala, akamwamkia ingawa walilingana umri. "Shikamoo, afande. Nisamehe, mimi sikusoma. Kuna koplo nimesimuliwa habari zake. Mto aliovuka yeye na mto aliokufia mwanangu ni mito miwili?"

"Hapana, mama. Mto ni mmoja."

"Jiwe je?"

"Ni lile lile."

"Basi mbona hukumu si moja?"

Yule mzee akatazama viganja vyake. "Mto ni mmoja, mama," akasema. "Mikanda ndiyo miwili. Kuna mkanda unaovuliwa, na kuna mkanda usiovuliwa."

Tulimzika Haruni kwenye makaburi yetu. Wanaume wa kijiji walimwosha, na babu yenu akatoa shuka lile lile, nikalifua, likafunika jeneza njiani. Kambini hakuja mtu, ila mzee Ngwala, bila sare, akasimama nyuma na kupiga saluti wakati tunafukia. Sijui kama hiyo inahesabiwa. Mwaka haukuisha, Kanali Desideri alipandishwa cheo akahamia mjini. Walimfanyia sherehe, na hotuba zilimsifu kwa kusimamia nidhamu.

Koplo Kitundu alirudi mara moja kumwona mtoto aliyepewa jina lake, huyo mjomba wenu, jina ambalo si la ukoo wetu wala la kabila letu. Alikuwa anachoma mkaa. Alikuwa amekonda, na suruali yake ameifunga kwa kamba ya katani. Nilimletea mkanda wa babu yenu, akaurudisha kwa upole. "Acha tu, mama. Nimezoea." Akambeba mtoto, akamsimulia habari za jogoo anayeitwa afande. Hatukumwona tena. Tulisikia kwamba alifariki kwa kifua, na mahali alipozikwa hakuna aliyeweza kutuonyesha.

Mnataka niwaambie kwamba baadaye haki ilipatikana. Naona kwenye nyuso zenu. Ningekuwa nayo ningewapa, kama ninavyowapa ukoko. Lile jiwe bado lipo, na kila mkuu mpya anayekuja kambini hulipaka chokaa upya, na kijiji husifu. Lakini mimi lililonivunja ni jingine. Zamani tukisikia mtu ameshtakiwa, tuliuliza amefanya nini. Siku hizi hatuulizi hivyo. Tunauliza ni nani, tukishajua ni nani, hukumu tunaijua, tunazima redio.

Jana mtangazaji alisema jenerali fulani amechunguzwa na kuonekana hana kosa, na kwamba askari wake watatu wamefungwa. Mjomba wenu hakungoja amalize. Yeye ndiye mtoto aliyevushwa, na ameyajua maneno haya kabla hajajua kusoma: mto mmoja, mikanda miwili.