Nani Akae na Mama wa Wodini

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, msinikodolee macho, chuo kikuu kimoja kilipata nafasi moja katika wodi ya watoto: mwanafunzi wa kukaa na wazazi wanapopewa habari nzito. Wa kuchagua alikuwa Mwalimu Tusekile, na mwenzenu alikuwa na hofu. Mwaka uliopita alichagua kwa jicho lake tu, na kijana aliyemchagua akakaa na mama aliyefiwa huku anachezea simu. Mama yule hajamtoka moyoni.

Safari hii akasema atapima: nani anajua kuishi na watu?

Akapima kwa dodoso, kila mwanafunzi aliyeomba nafasi ajipe alama mwenyewe. Akaongoza Mbwana. Akapima kwa kuwauliza wenzao wa bwenini. Akaongoza Kokubanza. Akapima kwa igizo, Bi Mwanaidi, mpishi wa kantini, akajifanya mama aliyefiwa. Akaongoza Gidion, maana mbele yake Bi Mwanaidi alilia machozi ya kweli, naye akamtuliza.

Vipimo vitatu, watu watatu. Tusekile akashika kichwa, akawaita wote watatu, na Bi Mwanaidi pia.

Mbwana akasema, "Nafsi yangu naijua mimi, Mwalimu. Nimemuuguza mdogo wangu miaka miwili. Watu wa bwenini watayajulia wapi hayo?"

Kokubanza akasema, "Mimi nilijipa alama ndogo, na kwenye igizo niliduwaa. Lakini mwenye homa bwenini huniita mimi."

Gidion akasema, "Wazazi hawatalala bwenini kwetu. Watakuwa nami nusu saa, na nusu saa hiyo naiweza."

Kila aliyesema, Tusekile aliona anasema kweli. Basi akamgeukia mpishi, angalau yeye amtoe gizani.

"Gidion alinituliza, sikatai," akasema Bi Mwanaidi. "Ila kila siku nampakulia wali, na salamu yake siijui. Mbwana huniita mama, tunapiga soga, lakini nikianza langu ananikatiza. Huyu Kokubanza, nilipofiwa kweli alikuja, akaosha masufuria yote, akaondoka bila kuniambia hata pole."

Masikini Tusekile, akachanganyikiwa zaidi.

Simu ikaita. Hospitali wanataka jina sasa hivi, kuna mama ameketi wodini na bado hajaambiwa.

Haya, mnaojua kupima watu. Ungekuwa wewe ndiye mama yule, ungetaka nani akae nawe?